Jina la Kuazima

Mara ya kwanza kuyaona majina yale nilicheka. Mwandishi, Mganga, Mchezaji, Jabali, Mwile, Pepo Mtoto. Ni majina ya wanajazi sita wa Marekani kwenye albamu ya mpiga piano Herbie Hancock iitwayo Mwandishi, iliyotoka mwaka 1971. Kwetu Kasulu mtoto akiitwa Pepo, majirani watamwita mchungaji aje kumwombea. Mwile nadhani walikusudia Mwili. Nikajisemea: hawa wameokota lugha ya watu wakaivaa kama shanga.

Majina hayo waliyapata kwa James Mtume, mwanamuziki kijana aliyekuwa katika kundi la Maulana Karenga, mwanzilishi wa Kwanzaa. Karenga alikichagua Kiswahili kwa kuwa si mali ya kabila moja. Mababu wa Wamarekani weusi wengi walitekwa Afrika Magharibi, na wajukuu hawakuachiwa lugha ya kurudia. Wakaazima yetu.

Yetu? Hapo kicheko kikanikwama. Mimi ni Muha. Kiswahili nilikikuta shuleni, na aliyeteleza akasema Kiha darasani alichapwa. Mimi pia ni mwazimaji, nimewatangulia tu. Baadaye nikasoma kwamba Mganga, yaani mpiga tarumbeta Eddie Henderson, alikuwa daktari kweli. Na sisi anayesimamia kituo cha afya tunamwita mganga mfawidhi. Niliyemcheka alikuwa amepatia.

Wimbo wa kwanza, "Ostinato", ulitungwa kwa heshima ya Angela Davis. Waliurekodi San Francisco tarehe 31 Desemba 1970, naye yuko gerezani akisubiri kesi. Mapigo yake huzunguka kwa 15. Ukihesabu nne nne, kama tulivyozoea, unaachwa. Besi inarudia mstari uleule, piano ya umeme inaingia na kutoka, na hakuna anayekusubiri.

Nilikuwa nausikiliza ndani ya basi kutoka Kibondo kwenda Kasulu tuliposimamishwa kwenye kizuizi. Ukanda huu ulikuwa na kambi za wakimbizi, Nduta upande wa Kibondo na Nyarugusu upande wa Kasulu, kwa hiyo abiria walikuwa wakikaguliwa. Asiye na kitambulisho aliambiwa ataje majina matatu. Changu nilikuwa nimekisahau. Jina langu la tatu ni la babu. Majina mengi ya Kiha ni sentensi nzima, na yanafanana na ya Warundi kiasi kwamba ukilitaja unatazamwa mara mbili. Mahali pa la babu nikaweka jina la ubatizo la baba, kwa Kiswahili nilichokinyoosha kama mtangazaji wa redio. Nikapita.

Mzee niliyekaa naye, ambaye tulizungumza Kiha tangu Kibondo hadi aliposinzia, hakuwa na kitambulisho pia. Alitaja majina yake yote. Akaambiwa ashuke.

Nilijua kijiji chake. Nilijua anamfuata binti yake aliyelazwa Kasulu. Ningeweza kusema, "Namfahamu, ni Muha wa Kibondo." Nikarudisha spika masikioni. Basi likaondoka.

Utaniambia kujiokoa si kosa, na kwamba jina nililolificha halikumshusha mzee. Ni kweli. Hata neno langu huenda lisingemsaidia. Lakini nilikuwa nimeshawahukumu watu sita kwa kubeba majina wasiyoyarithi, na nililolirithi mimi nililitua lilipoanza kuwa zito.

Hancock aliendelea kutumia jina lake la kuzaliwa, na kundi lile lilivunjika mwaka 1973. Mtume alibaki Mtume hadi alipofariki Januari 2022. Siwezi tena kupima haki ya mtu juu ya jina kwa damu au kwa usahihi wa tahajia. Naanza kuamini kwamba jina ni deni. Ukilibeba, unadaiwa na wote wanaolibeba pamoja nawe, na deni huja kudaiwa mahali kama pale kizuizini, bila taarifa.

Wale wa San Francisco waliazima majina, wakakosea hata herufi, lakini jina la mfungwa walilitaja mbele ya watu wote. Mimi nilidaiwa sentensi moja fupi, na Kiswahili changu hakina kosa.