Mfarishi Uliohubiri



Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, twasoma habari za Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane hawakumwonyesha Petro mali yake. Walimwonyesha nguo alizowashonea, huku wakilia. Kazi ya mikono yake ndiyo iliyomshuhudia.

Napenda kuwasimulia habari za mama mwingine wa sindano, Harriet Powers, aliyezaliwa mwaka 1837 huko Georgia, Marekani, katika utumwa. Baada ya kupata uhuru alishona mfarishi, yaani tandiko kubwa la kitanda, akapachika juu yake vitambaa vilivyokatwa kwa sura za watu na wanyama. Picha zake ni 11: wamo Adamu na Hawa, Kaini na Habili, ndoto ya Yakobo, Ubatizo wa Bwana, Yuda na vipande vyake 30 vya fedha, Karamu ya Mwisho, na Msalaba. Mama huyu hakupanda mimbarani. Alihubiri kwa uzi.

Mwaka 1886 mfarishi huo ulionyeshwa katika maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia. Mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, alitaka kuununua, Harriet akakataa. Miaka michache baadaye shida iliingia nyumbani. Akaupeleka mwenyewe, akataka dola 10, akapewa 5. Lakini alieleza maana ya kila picha, na mwalimu akayaandika maneno yake. Tena alirudi mara kadhaa kuutazama, kama mzazi aendaye kumwona mtoto anayelelewa kwa watu.

Harriet alifariki mwaka 1910. Mfarishi wake umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la taifa huko Washington, na wataalamu wameandika vitabu juu yake. Kama maneno yale yasingaliandikwa, tungaliona picha, tusijue yote aliyokusudia kusema.

Ndugu zangu, ni nani aliyeshona kitambaa cha altare yetu? Nani aliudarizi msalaba ule? Kila Jumapili twapiga magoti mbele yake, na labda wengi wetu hatulijui jina. Akina mama twawaomba kazi ya bure kanisani. Wakileta mikeka yao sokoni, twavuta bei hata ifike nusu.

Basi juma hili kila mmoja aende kwa mama mmoja mzee, amwulize juu ya kazi ya mikono yake, ayaandike majibu. Tusingoje mpaka awe amelazwa orofani, kama kule Yafa.

Bwana aibariki mikono yao, atufumbue na sisi macho. Amina.