Wajibu wa Ajuaye

Mwezi wa Oktoba mwaka 2012 kampuni ya Toyota ya Japani ilitangaza kwamba motokaa zake zaidi ya milioni 7 zirudishwe kukaguliwa. Kasoro ilikuwa ndogo kwa macho: swichi ya kupandishia na kushushia vioo, katika mlango wa dereva, haikupakwa grisi sawasawa kiwandani. Swichi ya namna hiyo huweza kukwama, na ikipata joto kali huweza kuyeyuka na kutoa moshi. Mwaka 2015 ziliitwa tena motokaa milioni 6.5 kwa kasoro ya swichi kama hiyo.

Tangazo hili lazaa swali lisilo la mafundi peke yao. Je, wajibu wa mwuzaji hukoma fedha inapopokewa?

Wako wasemao kuwa hukoma. Mnunuzi aliitazama mali, akaridhia bei, mapatano yakatimia. Hoja hii ina nguvu palipo na usawa wa maarifa. Anunuaye samaki pwani huweza kumtazama macho na matamvua, akajua kama ni mzima au ameharibika. Lakini mnunuzi wa motokaa hawezi kuuvunja mlango apime grisi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Katika biashara hii mfichaji huwa mmoja, na afikwaye na msiba mwingine.

Sasa itazame barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, ipitayo Waa na Ukunda. Motokaa nyingi zipitazo hapo ziliendeshwa kwanza Japani, kisha zikaletwa kwa meli hadi bandari ya Mombasa. Mtengenezaji humwandikia yule ambaye jina lake limo daftarini. Mtu wa Waa, aliyenunua kwa mkono wa tatu, huenda hayumo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zimfaazo na kulindwa usalama wake. Lakini haki isiyo na wa kuitimiza ni kama barua isiyo na anwani.

Nani basi aufikishe ujumbe? Wajibu haufuati jina lililoandikwa katika mkataba, hufuata maarifa. Mtengenezaji alijua, akasema. Asifiwe kwa hilo, ingawa kasoro ilitoka kwake. Mwagizaji hana budi kuuliza kabla ya kuuza. Fundi aonaye swichi iliyoungua asipokee ujira tu. Amweleze mwenyewe sababu. Naye mwenye motokaa, akishaambiwa, hawezi kusema kuwa ni mali yake afanye apendavyo, kwa maana abiria wake hawakuambiwa.

Itasemwa kwamba siku ya kwenda kwa fundi ni siku isiyo na riziki. Ni kweli, na ugumu huo si wa kubezwa. Wampa mtu haki ya kuomba msaada. Haumpi haki ya kumpakia mwenziwe katika hatari asiyoijua.

Kila motokaa ina namba ya chesisi, na kwa namba hiyo mtengenezaji huweza kuulizwa kama imeitwa. Nyinyi vijana mnaosoma mwaweza kumwulizia jirani asiyejua pa kuuliza. Mkishapata jawabu mtakuwa miongoni mwa wajuao, na wajibu utakuwa umewafikia.