Jicho la Mgeni

Wahenga wamemwachia msafiri maagizo mawili yasiyopatana. La kwanza lasema: ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. La pili lasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Moja lamtaka mgeni aupoteze uono wake apate kufanana na wenyeji. Jingine lamtaka aje nao mzima, kwani huenda humo ndimo imo dawa. Yupi kati ya wageni hawa wawili aliye mwungwana zaidi? Kila aliyepata kulala ugenini amelijibu swali hili, ajue asijue.

Mji wa Babati ni mahali pazuri pa kuliuliza. Uko kando ya ziwa lenye viboko, katika barabara kuu iunganishayo Arusha na Dodoma. Na tangu mwaka 2002, mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha, ndio makao makuu ya mkoa huo. Wagorowa na Wairaqw, wenye lugha za Kikushi, huishi huko jirani na Wadatoga, wenye lugha ya Kiniloti, na Wambugwe na Warangi, walio Wabantu. Sokoni wote hukutana katika Kiswahili. Kwa hiyo mtu wa Pwani afikapo Babati huisikia lugha yake, akadhani yuko kwao. Hapo ndipo anapokosea.

Miaka ya 1990 walikuwako pia Waswidi, nchi yao ilipogharimia kazi ya hifadhi ya ardhi na misitu, na msitu wa Duru-Haitemba ukawekwa mikononi mwa vijiji. Mgeni wa Ulaya ajifunzaye Kiswahili mahali kama hapo hukumbana mapema na fumbo la salamu. Amwuliza jirani habari za nyumbani. Jirani ajibu, "Nzuri," kisha, baada ya kutajwa watoto, mifugo na mvua, asema kwamba usiku amefiwa na mama. Mgeni huyo huyo ajikwaapo, mpita njia asiyemjua humwambia, "Pole," naye hushangaa: huyu anaomba radhi kwa kosa gani?

Akiwa na haraka atahukumu kwamba jirani ni mwongo na mpita njia ni mnafiki. Lakini ile "nzuri" ni mlango wa kuingilia, na hakuna aingiaye chumba cha ndani bila ya kupita barazani. Jirani aliuandalia msiba wake mahali pa kukaa kabla ya kuutoa. Na asemaye "pole" anakiri tu kwamba maumivu ya mwenziwe ameyaona. Hapa jicho lenye kasoro ni la mgeni, na dawa yake ni subira.

Ila si kila fumbo hufumbuka hivyo. Kwa desturi ya zamani ya Wairaqw, vifo vya namna fulani, kama cha mtoto mchanga, viliwatia wafiwa katika mwiko. Walijitenga, hawakula na majirani wala kutembeleana nao kama kawaida, mpaka muda wao umalizike, ili balaa lisiwafikie wengine. Mtu wa Pwani aliyelelewa katika matanga, ambako mlango wa mfiwa haufungwi na mikeka hutandikwa mpaka uani, husisimka mwili asikiapo haya. Kwake yeye, kumwacha mfiwa peke yake ni ukatili.

Basi afanye nini? Akilivunja jicho lake, atasema kila watu na mila yao, akanyamaza. Na kimya hicho kitafanana na heshima, kumbe ni kumwacha yule mama mara ya pili. Akilitumia jicho lake kama fimbo, atawaita wenyeji makatili, asione kwamba nao walikuwa wakitafuta kuwalinda watoto waliobaki.

Iko njia ya tatu: kuuliza mzigo wa desturi wabebwa na nani, na kama yule aubebaye, akielezwa sababu yake, angeridhia. Mzigo wa salamu hubebwa kwa zamu. Mwenye furaha leo kesho atafikwa, naye atauhitaji mlango ule ule. Mzigo wa kutengwa uliwaelemea wafiwa peke yao, saa ile walipokuwa dhaifu kuliko wote. Wairaqw wengi, hasa walioingia Ukristo, wameilegeza desturi hiyo au wameiacha.

Lakini swali hilo halibaki Babati. Hurudi Pwani pamoja na aliyeliuliza. Matangani, sufuria zikipikwa siku kwa siku, nani aubebaye mzigo? Ubani hutolewa, naam, ila mara nyingi chungu huwa kikubwa kuliko ubani. Mjane aliye katika eda husikia sahani zikihesabiwa, na mikeka ikikunjwa deni hubaki. Mafunzo ya dini yawataka majirani wawapikie wafiwa; mazoea yamegeuza, mfiwa ndiye awapikiaye majirani. Mwiraqw akiingia nyumba hiyo ana haki ya kuuliza: hawa wamekuja kumfariji mwenzao, au kumla?

Hapo maagizo mawili ya wahenga hupatana. Mgeni asilivunje jicho lake. Alifumbe kwanza, kadiri ya kusikia sababu, kisha alifumbue. Na mwenyeji, aulizwapo swali lionekanalo la kitoto, asikasirike. Amelizoea jambo lile hata halioni tena, na aliyekuja na dawa hajui kwamba anayo.