Uadilifu wa Kukadiria

Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyehudumu katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alipotangaza mwaka 1917 kanuni yake ya kukadiria njia za simu, alituachia suala la uadilifu: je, ni halali kukusudia, kwa hesabu, kwamba baadhi ya wapigao simu watanyimwa nafasi? Kwa kanuni hiyo, ofisi ya watu 200, kila mmoja akizungumza dakika 3 katika saa yenye shughuli nyingi kabisa, yatoshelezwa na njia 18 za simu za intaneti, hata asikose nafasi ila mpigaji asiyefika 1 katika 100. Kuweka njia 200 ni israfu, na kuweka 10, ambazo ndizo wastani wa haja, ni kumkatalia takriban 1 katika 5, nayo ni dhuluma. Basi mwenye kupanga na akadirie kwa insafu, na kadiri ya kunyimwa aidhihirishe kwa wote.