Masikio ya Rehoboamu

Ndugu zangu wa Tandale na Tandika, wa Mwananyamala na Mbagala, wa Bunju na Chamazi, fungueni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 12. Na wewe Muislamu usiondoke, zamu yako inakuja. Mtaani kwetu pilau la Idi na la Krismasi tunalila sinia moja, basi na mahubiri haya tuyale pamoja.

Mfalme Sulemani amefariki. Mwanawe Rehoboamu amekwenda Shekemu kutawazwa, na watu wamemjia na ombi moja tu: baba yako alitutwisha mzigo mzito, tupunguzie, nasi tutakutumikia. Hawakumtukana. Hawakumfungia njia. Kijana akaomba siku tatu za kufikiri. Akawauliza wazee waliomtumikia baba yake, wakamshauri awe mtumishi wa watu hawa na awajibu kwa upole. Akawauliza vijana aliokua nao, wakamwambia aongeze mzigo na awatishe juu yake. Siku ya tatu akatoka, akasema ya vijana. Makabila kumi yakamgeuzia mgongo, na ufalme ule haukuunganika tena.

Tazameni kosa lake lilipo. Washauri alikuwa nao. Muda aliupata. Wananchi alikutana nao uso kwa uso, jambo ambalo waheshimiwa wetu wengi hulifanya mara moja kwa miaka mitano. Kilio kilimfika sikioni kikaishia hapo hapo, moyoni hakikuingia, kwa sababu moyo alikuwa amewaachia wenzake waliokula naye ikulu tangu utotoni.

Huruma ninayoihubiri leo ni ya kiongozi anayesikia kabla ya kuamua, na akishasikia analala vibaya. Kufika msibani peke yake hakutoshi. Tumewaona wanavyofika! Turubai limefungwa kukata njia, kina mama wako uani na masufuria, wanaume wako jamvini, mwenye daftari anaandika rambirambi za elfu mbili mbili na elfu tano tano. Mara gari kubwa jeusi linakata kona, kijana anaruka kufungua mlango, na mheshimiwa anaketishwa kiti cha mbele. Anapewa kipaza sauti. Anasema marehemu alikuwa mtu wa watu, na jina la marehemu ameliulizia ndani ya gari. Bahasha yake inatangazwa mara mbili. Jeneza halijatoka ndani, msafara umeshaondoka, eti kuna kikao. Wanaobaki kulibeba ni jirani wa kijani cha CCM na jirani wa magwanda ya Chadema, wanapokezana mabegani hadi makaburini, na hakuna anayemuuliza mwenzake kadi.

Sasa zamu yako, ndugu Muislamu. Habari ya Sayyidna Omar unaijua tangu madrasa. Usiku, nje ya Madina, khalifa anatembea na mtumishi wake Aslam. Wanakuta moto, mama na watoto wanaolia njaa, na chungu chenye maji matupu kilichotengwa ili watoto wadhani chakula kinaiva, walale. Omar anarudi mjini mbio hadi ghalani, anajitwika gunia la unga. Aslam anaomba ambebee. Khalifa anamuuliza kama Siku ya Kiyama atambebea na dhambi zake pia. Anapika mwenyewe, moshi unampita ndevuni, na yule mama hajui ni nani anayempikia. Hapakuwa na mpiga picha. Alitoka usiku kwa sababu alijua kwamba mchana, mbele ya mkuu, watu husema mambo ni mazuri.

Kutoka Madina nawaleta Kinondoni, Ijumaa ya tarehe 16 Februari 2018. Kesho yake jimbo lilikuwa na uchaguzi mdogo, kwa kuwa mbunge Maulid Mtulia alikuwa amejiuzulu akiwa CUF, akahamia CCM, na sasa alikuwa akiomba kiti kile kile alichokiacha mwenyewe. (Haya nayo tuliyaona ya kawaida, Mungu atusamehe.) Wafuasi wa Chadema waliandamana kutoka viwanja vya Buibui, Mwananyamala, kwenda kwa msimamizi wa uchaguzi kudai barua za viapo za mawakala wao. Polisi walifyatua risasi kuwatawanya. Pale Mkwajuni, ndani ya daladala, alikuwemo Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, binti wa miaka 22. Hakuandamana, hakudai barua ya mtu. Risasi ilimkuta garini, akafa. Alisafirishwa kwao Rombo, akazikwa.

Barua, wapendwa! Karatasi na muhuri!

Rais Magufuli alitoa pole na kuagiza uchunguzi. Waliofikishwa kizimbani wakahukumiwa ni Freeman Mbowe na viongozi wenzake wa Chadema. Walitiwa hatiani Machi 2020, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo. Kwa risasi yenyewe hakuna aliyehukumiwa. Hakuna waziri aliyeacha kiti kwa ajili ya binti yule. Na msiniambie kwamba kujiuzulu ni desturi ya Wazungu, maana Mzee Ali Hassan Mwinyi aliwahi kuifanya hapa hapa nchini. Miaka ya 1970, yeye akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu waliteswa na kufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga. Hakumgusa mtu kwa mkono wake, lakini aliuona mzigo ni wake, akaachia ngazi. Nchi haikumtupa. Mwaka 1985 ilimpa urais.

Tarehe 29 Oktoba 2025 sihitaji kuwasimulia, mlikuwepo. Vijana walitoka barabarani siku ya kura, risasi zikalia, amri ya kutotoka nje ikatangazwa, intaneti ikazimwa. Kina mama walizunguka hospitali hadi hospitali, kisha mochwari hadi mochwari. Matokeo ya urais yakasomwa: ushindi wa CCM wa karibu asilimia 98. Baadaye iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Wapo wanaobishana hadi leo juu ya hesabu ya waliokufa, na hao nina swali moja kwao: mmekaa kwenye jamvi la msiba upi? Aliyezika hahitaji kuelezwa kwamba aliyemzika alikuwa mhuni, wala kwamba alikuwa shujaa. Anahitaji mtu mwenye mamlaka aje, akae chini, anyamaze, asikilize.

Masikio yanazibwa na nini? Mimi nasema yanazibwa na kupita bila kupingwa. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa kwa kasoro za fomu, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Novemba 2024 ikachukua zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Mwenyekiti aliyepita namna hiyo ana haja gani ya kunisikiliza mimi? Hata enzi za chama kimoja mambo hayakuwa hivi! Mwaka 1965 wananchi waliwekewa wagombea wawili wa TANU, wakamwangusha hata waziri wa fedha, Paul Bomani. Mawaziri wa siku zile walikwenda kijijini na hofu ya kweli moyoni, na hofu ya mpiga kura ni mwanzo wa adabu.

Na sisi tusijifanye malaika. Fulana tulizipokea, kanga tulizipokea, elfu kumi kumi tulizipokea gizani nyuma ya kibanda cha chipsi. Ikifika Januari fulana ile inafutia vumbi bajaji, na tuliyemwamini kwa ajili yake hapokei simu. Ajabu ni kwamba huruma yenyewe tunayo tele. Tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka Mbagala na kuua watu zaidi ya 20, watoto walipotezana na wazazi, na watu wa mitaa ya jirani waliwafungulia milango wasiowajua hata majina. Kwa nini tunajua kumtambua jirani mwema ndani ya wiki moja, lakini mgombea mkavu wa moyo tunampa miaka mitano?

Amkeni basi! Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda. Najua jua ni kali na kibanda kina mpira wa Simba na Yanga, nenda hivyo hivyo. Dai usomewe mapato na matumizi. Uliza kwa nini barua ya utambulisho, ile ya dhamana ya kijana wako polisi, inagongwa muhuri kwa pesa isiyo na risiti. Uliza juu ya mtaro unaojaza maji ndani ya nyumba ya mjane kila masika. Jirani akisimama kuuliza, usicheke, wala usimwite mpinzani. Simama naye.

Atakuja mtu kuomba mtaa wako mwaka 2029, na mwingine jimbo lako mwaka 2030. Kabla hajapewa kipaza sauti, mwulize hivi: tangu uchaguzi uliopita ulikuja kumsikiliza nani hapa, na ulibadilisha nini baada ya kumsikia? Akitafuta jibu kwa wapambe wake, mnyime kura.