Rozari ya Vidole

Mama yangu huamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa maandazi. Sisi watoto watano bado tunakoroma. Rozari yake inaning'inia msumarini, haigusi, maana mikono imejaa unga. Salamu Maria anazihesabu kwa vidole. Vidole kumi vikiisha, tendo moja limekwisha.

Sasa mama mmoja wa jumuiya akamsema mbele za watu: eti haonekani kwenye sala Jumamosi, roho yake imezama kwenye karai la mafuta. Akarudi analia. Nilikasirika mno, ingawa asubuhi ileile mimi mwenyewe nilimfokea kwa kugonganisha sufuria wakati naandika riwaya yangu. (Riwaya yenyewe inahusu upendo!)

Wanaomsema hushika Luka 10: Marta anahangaika, Maria ametulia miguuni pa Bwana. Sawa. Lakini Marta hakuambiwa aache kupika, aliambiwa anasumbuka kwa mengi. Na tangu 2021 Kanisa linawakumbuka wote wawili, na Lazaro ndugu yao, siku moja, Julai 29.

Wapo pia wanaomtaja Ndugu Lawrence, Mkarmeli wa Paris aliyefariki 1691, aliyemwona Mungu jikoni. Huyo simkatai, ila mtawa haliliwi ada ya shule.

Je, ile ni amani au ni uchovu tu? Maana kuna siku anasinzia tendo la pili halijaisha. Nikamuuliza. Akacheka.

“Baba, nikisinzia malaika wangu atamalizia. Hebu lete mkaa.”