Malezi ya Mtoto Huanza Kabla ya Mimba



Mwezi huu nataka tuongee juu ya kidonge kimoja kidogo. Najua wengine mtashangaa: katekista na vidonge, wapi na wapi? Nisomeni mpaka mwisho, kisha mtahukumu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa nyumbani kwa wana ndoa wachanga wa kigango chetu. Mimi ndiye niliyewapa mafundisho ya ndoa. Walikuwa wamejaliwa mtoto wao wa kwanza, msichana, lakini alizaliwa na mgongo wazi. Karibu na kiuno palikuwa na uvimbe laini wenye maji, na miguu yake haikusogea. Nyanya wa mtoto alikuwa ameketi mlangoni, akihesabu kwa sauti makosa ya ukoo wa mke. Baba wa mtoto alinyamaza. Mama akaniangalia, akaniuliza, "Mwalimu, nilikosea wapi?"

Nilimjibu kwamba ni mapenzi ya Mungu. Tukasali, nikapanda baiskeli yangu nikaenda zangu. Lakini jibu langu halikunipa raha njiani. Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, nilimwuliza sista mmoja ambaye ni muuguzi. Aliniketisha akanieleza mambo ambayo, kama ningaliyajua mapema, ningaliwafundisha wana ndoa wote waliopita mikononi mwangu. Ndiyo ninayowaletea leo.

Kwanza, tuondoe lawama. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu aliwajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Mgongo wazi si laana, si uchawi, wala si mahari iliyobaki bila kulipwa. Yule nyanya alikosea, na mimi niliyemsikia nikanyamaza nilikosea pia.

Pili, tujue mtoto anavyoumbwa tumboni. Katika majuma ya kwanza ya mimba, ubongo na uti wa mgongo huanza kama kipande bapa, ambacho hujikunja polepole kikawa kama mrija. Mrija huo hujifunga kufikia kama siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Usipojifunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Usipojifunga upande wa kichwa, ubongo haukamiliki, na mtoto huyo hufia tumboni au huishi muda mfupi tu. Wengi wa wenye mgongo wazi hupata pia maji kichwani, kichwa kikaanza kuwa kikubwa.

Sasa hesabuni nami. Mama huanza kujishuku anapokosa siku zake, na wakati huo mimba ina takriban majuma mawili. Akingoja majuma mawili mengine ili ahakikishe, siku 28 zimekwisha. Na wengi wetu tunawapeleka wake zetu kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano! Uti wa mgongo ulijifunga zamani, au ulikosa kujifunga, kabla hata kadi ya kliniki haijaandikwa jina.

Kinachosaidia mrija huo kujifunga vizuri ni vitamini moja ya kundi la B, iitwayo asidi ya foliki. Jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani, kwa sababu mwaka 1941 wataalamu waliipata katika majani ya mchicha. Na mwaka 1991 matokeo ya utafiti mkubwa yalitangazwa Uingereza. Ulifanywa katika nchi 7, kwa wanawake waliokuwa wamewahi kupata mtoto mwenye kasoro hiyo. Waliomeza asidi ya foliki kabla ya kushika mimba na katika majuma yake ya kwanza, hatari ya kupata mtoto mwingine wa namna hiyo ilipungua kwa asilimia 72. Yaani karibu robo tatu. Si jambo dogo.

Wapendwa, sisi Wakatoliki tunafundisha kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Tunalisema jambo hili kanisani na mbele ya watu wote, na ni kweli. Lakini kama mtoto ni mtoto tangu siku ile ya kwanza, basi anastahili kutunzwa tangu siku ile ya kwanza. Na kwa kuwa siku ile hakuna mzazi anayeijua, hapana njia nyingine ila kujitayarisha kabla yake. Anayetetea uhai kwa mdomo tu, huku mkewe hana hata mboga za majani mezani, bado hajautetea.

Jambo hili si geni katika Maandiko. Someni Kitabu cha Waamuzi, sura ya 13. Mke wa Manoa alikuwa tasa. Malaika alimjia akamwambia kwamba atapata mtoto wa kiume, naye ajihadhari asinywe divai wala kileo, wala asile kitu kilicho najisi. Angalieni vizuri: alianza kuagizwa mwili wake uwe na utaratibu kabla hajashika mimba ya Samsoni.

Na Manoa je? Hakusema kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Alimwomba Mungu amtume tena yule mjumbe, ili awafundishe wote wawili watakalomtendea mtoto atakayezaliwa. Malaika akaja mara ya pili, akamrudia Manoa yale yale aliyomwambia mkewe. Ndugu yangu mume, wewe ndiwe Manoa wa nyumba yako. Ukisikia mkeo amepewa ushauri na muuguzi, nenda nawe ukausikie kwa masikio yako.

Basi tufanye nini? Shikeni haya:

1. Mwanamke anayetarajia kupata mimba ameze asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, yaani miligramu 0.4. Aanze angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, na miezi mitatu ni bora zaidi. Aendelee mpaka mimba ifikishe majuma 12.

2. Kama mmewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, au mama ana ugonjwa wa kisukari, au anatumia dawa za kifafa, muoneni daktari kabla ya kutafuta mimba. Huenda akahitaji kipimo kikubwa zaidi. Dawa za kifafa asiziache mwenyewe, kwani kuziacha ghafla ni hatari.

3. Msinunue kidonge cha miligramu 5 bila kuuliza, mkidhani kikubwa ndicho bora. Katika sehemu zenye malaria, kama Pwani na kandokando ya Ziwa, akina mama wajawazito hupewa dawa ya SP ya kuzuia malaria, na kipimo kikubwa cha asidi ya foliki huweza kuipunguzia nguvu. Mwulizeni muuguzi.

4. Kuleni mboga za majani: sukuma wiki, mchicha, kunde, managu. Kuleni pia maharagwe, ndengu, machungwa na parachichi. Mboga zisichemshwe mpaka ziishe nguvu, wala maji yake yasimwagwe, kwa kuwa vitamini hii huharibika kwa moto mwingi na huyeyuka katika maji. Hata hivyo chakula pekee mara nyingi hakitoshi. Kidonge bado kinahitajika.

5. Tangu mwaka 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti na unga wa ngano uongezwe virutubisho, asidi ya foliki ikiwa mojawapo. Lakini sisi wa vijijini tunapeleka mahindi yetu kusagwa kwenye mashine ya posho, na unga huo kwa kawaida hauongezwi kitu. Msijihesabu kwamba mmeshapata.

6. Mimba ikishaingia, mama aende kliniki mapema. Vidonge atakavyopewa huko huwa na madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, navyo humkinga na upungufu wa damu. Avimeze kama alivyoagizwa, hata miezi mitatu ya kwanza ikiwa imepita.

Nimesikia hofu ya baadhi yenu. Mume mmoja alinijia na vidonge alivyovikuta chini ya godoro, akidai mkewe anazuia mimba kwa siri. Vilikuwa vya asidi ya foliki! Maskini mama alikuwa akijiandaa kupata mimba, tena aliogopa kumwambia mumewe. Jamani, vidonge hivi havizuii mimba wala haviitoi. Ni vitamini, sawa na iliyomo ndani ya mchicha. Hakuna mahali vinapogongana na mafundisho ya Kanisa. Nanyi mnaofuata njia ya asili ya kupanga uzazi mna nafasi njema zaidi, kwa sababu mnajua mwezi ambao mtaacha kusubiri. Anzeni vidonge miezi mitatu kabla yake.

Lakini nawaonya pia. Kidonge hiki hupunguza hatari, hakiiondoi yote. Wako akina mama waliomeza kila siku na bado wakapata mtoto mwenye mgongo wazi. Kwa hiyo mtu asije akachukua mafundisho haya akayafanya fimbo mpya ya kumpigia mama. Mtoto akizaliwa hivyo, msimfiche ndani ya nyumba. Funikeni uvimbe kwa kitambaa safi chenye unyevu, msiutoboe, mkimbieni hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Kijabe inajulikana kwa kuwatibu na kuwapasua watoto wa namna hii, na wengi wao wanakua na kusoma. Mtoto huyo naye ni zawadi kamili. Tunamkinga na ulemavu kwa sababu tunampenda, na akizaliwa nao tunampenda kwa upendo ule ule.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa huu hatuwezi kuuziba kwa mikono yetu, kwani ni mdogo sana na umefichika tumboni. Lakini Mungu ametuonyesha cha kumsaidia mtoto aufunge mwenyewe.

Wale wana ndoa niliowataja walimpeleka binti yao akapasuliwa. Anatembelea magongo, na anaimba katika kwaya ya watoto kuliko wote. Walipotaka mtoto wa pili walikwenda kwa daktari kwanza, wote wawili, na yule baba ndiye aliyekuwa akimkumbusha mkewe kidonge kila jioni baada ya sala ya familia. Mvulana wao alizaliwa salama. Nami nilirudi kwa yule mama nikamwambia jibu nililopaswa kumpa siku ile ya kwanza: "Hukukosea popote, mama. Sisi walimu wako ndio tuliochelewa."

Tangu hapo, katika kigango chetu, vijana wanapoandikisha majina kwa mafundisho ya ndoa ninawauliza cheti cha ubatizo, cheti cha kipaimara, kisha ninawatuma wote wawili kwa muuguzi wakaulizie asidi ya foliki. Wewe unayesoma ukurasa huu, kama una harusi mwaka huu, usingoje tangazo la kwanza lisomwe. Kama una binti au dada anayeolewa, mpe gazeti hili asome na mchumba wake.

Tuombe: Ee Mungu, uliyemfinyanga kila mmoja wetu tumboni mwa mama yake, utupe moyo wa Manoa, tutamani kujifunza kabla ya kupokea. Uwafariji wazazi wenye watoto walemavu, na uwaondolee lawama zisizo zao. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mpaka mwezi ujao, amani ya Familia Takatifu ikae nyumbani mwenu.